Mama ameambiwa awekewe pesimeka (kifaa cha betri cha kuchochea mapigo ya moyo), naombeni ushauri

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Likoni. Mama yangu, miaka 71, amekuwa akianguka ghafla, mara ya mwisho ni kwenye foleni ya feri. Nyumbani wakasema ni upepo, akanyweshwa kombe. Kipimo cha ECG kimeonyesha mengine: umeme wa moyo unakatikia njiani.

Daktari alitueleza hivi. Umeme huanzia kwenye kifundo kilicho chumba cha juu kulia, na mtu mzima akitulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kisha hupitia kifundo cha kati ndipo ushuke vyumba vya chini. Kwa mama haushuki kabisa. Juu kunakwenda 80, chini kunajipigia kwenyewe 34, basi damu haifiki kichwani ya kutosha. Vidonge havitengenezi njia hiyo, ndio maana wanataka pesimeka, chini ya mtulinga.

Mimi nimekubali. Yeye hataki, ati hawekwi betri kama redio.

Mliouguza mzazi mwenye kifaa hiki, betri ilidumu miaka mingapi? Mkono wa upande ule aliutumia tena lini? Mama hukuna nazi kila siku na haambiliki. Simu huichomeka ndani ya sidiria, nami nimesoma ikae angalau sentimita 15 mbali na kifaa. Jirani wa chini naye anachomelea mageti mchana kutwa, nahofia umeme wake usije ukavuruga kifaa; tuhame? Na kuna aliyefanyiwa hapa hapa Mombasa bila kupelekwa Nairobi? Gharama pia nitajieni.