Jezi ya kumbukumbu ya ajali ya Zambia 1993: ni kuwaenzi marehemu au ni kuwafanyia biashara?

Mzee wa Jezi

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima na nyumbani hawanielewi, wao wanaona jezi ni jezi tu.

Mi nakusanya jezi za timu za taifa za Afrika, mwaka wa 12 sasa. Pesa sina, nanunua taratibu, nyingine naokota mitumbani, nyingine nabadilishana na wenzangu. Sasa kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni (simtaji) kanitumia picha ya jezi ya kijani ya Zambia, anaiita toleo maalumu la kumbukumbu ya ajali ya 1993. Mgongoni wameandika majina ya wachezaji 18 waliokufa, imewekwa kwenye fremu ya kioo na chini yake kuna cheti. Nikavuta ile picha nikisome. Kimeandikwa "Namba 7 kati ya 30".

Nikajua ni namba tu kama matoleo mengine. Usiku niko kitandani ndio ikanijia, waliokufa kwenye ile ndege walikuwa watu 30. Nikamuuliza muuzaji, akanijibu fasta, ndio kaka, kila jezi inasimama badala ya mtu mmoja, halafu hapohapo akaongeza zimebaki nne tu niharakishe.

Kwa wadogo ambao hawaijui hii habari, ilikuwa Aprili 27, 1993, ndege ya jeshi la anga la Zambia aina ya Buffalo ilikuwa inawapeleka vijana Dakar kucheza na Senegal kufuzu Kombe la Dunia la 1994. Siku mbili nyuma walikuwa wameipiga Mauritius 3-0 kulekule Mauritius, zote tatu za Kelvin Mutale. Ndege ikatua Libreville kujaza mafuta, ikaruka, haikufika mbali ikaanguka baharini na hakupona hata mmoja. Mchezaji mwenzao Kalusha Bwalya alibaki hai kwa sababu alikuwa Uholanzi na klabu yake ya PSV, yeye alikuwa aende Dakar kivyake.

Sasa swali. Mi hiyo jezi naitaka, sitawadanganya. Ila nikiiwaza ukutani kwangu na ile namba 7 nahisi kama nimenunua kitu cha mtu. Hizi jezi, skafu, beji, sarafu zinazotoka baada ya msiba wa taifa, ni heshima kweli au watu wamepata upenyo?

Beki Tatu

Usinunue. Mtu akishakwambia "zimebaki nne" kwenye habari ya msiba ujue huyo yuko sokoni.

Fulana na Vikombe

Mi nachapisha fulana, ni kazi yangu, kwa hiyo mniwie radhi kama nitaonekana najitetea maana kweli najitetea. Watu wakifiwa wananijia na picha ya marehemu, wanataka fulana 50 kabla ya mazishi, nakesha nazo na asubuhi nalipwa. Hakuna hata mmoja amewahi kuniambia nimekula kifo cha baba yake. Anayechonga jeneza analipwa, mwenye maturubai analipwa, hata anayechimba kaburi kuna mahali anapewa chake. Sasa ikifika kwenye jezi ndio tunaanza kuulizana maswali ya dhamiri, kwa nini?

Chapecoense ile ya Brazil, Novemba 2016, ndege iliishiwa mafuta wakienda Colombia kwenye fainali ya Copa Sudamericana, wakafa watu 71 wakapona 6. Baada ya pale watu dunia nzima walitafuta zile jezi za kijani, hata wasiojua hiyo timu iko wapi. Walikuwa wanawanyonya marehemu? Hapana, mtu akiguswa anataka kitu cha kushika mkononi na huwezi kushika huzuni.

Beki Tatu

@Fulana na Vikombe wewe umeitwa na wafiwa mkuu. Huyu muuzaji wa jezi kaitwa na nani? Na kwa kuwa umeitaja Chapecoense, wajane wa wale wachezaji wamezunguka miaka na miaka kudai fidia ya bima. Jezi zinauzika haraka, mjane anaambiwa asubiri.

Fulana na Vikombe

Hapo sina jibu.

Kipa wa Zamani

Vijana, ngoja niweke langu, nitaandika kirefu mnivumilie maana simu yenyewe natumia miwani.

Mimi vitu vya mpira nimevikusanya tangu hamjazaliwa wengi wenu, na hili swali nimejiuliza mara nyingi kuliko bei. Watu hukimbilia kuuliza pesa imekwenda wapi. Ni swali zuri ila halitoshi, kwa sababu hata mhuni anaweza kuandika kwenye cheti kwamba asilimia fulani inakwenda kwa familia, nani atamfuatilia? Mi naangalia kitu kingine, naangalia hicho kitu kimetengenezwa ili wakipate wengi au wakikose wengi.

Chukua Hillsborough, ule msongamano uwanjani kule Uingereza uliowaua mashabiki wa Liverpool, Aprili 15, 1989, waliofariki leo wanahesabiwa 97. Jezi ya Liverpool ukiigeuza nyuma shingoni utaona ile namba 97 na miali ya moto pembeni. Zamani ilikuwa 96, ikabadilika baada ya Andrew Devine kufariki 2021, miaka 32 akiishi na majeraha ya siku ile. Sasa ile jezi ni biashara kubwa kuliko fremu ya huyo jamaa yako mara elfu, ila umesikia watu wakisema klabu inauza marehemu? Mi sijasikia, na naona ni kwa sababu 97 haikuongeza bei wala haikufanya jezi iwe adimu. Iko kwenye kila shingo, anayejua anajua, asiyejua siku moja atamuuliza baba yake.

Au ile ajali ya ndege ya Munich 1958. Walikufa watu 23, wanane wachezaji wa Manchester United. Ilipofika miaka 50, Februari 2008, United ilicheza na Manchester City pale Old Trafford wakiwa na jezi za mtindo wa zamani, hazina jina la mdhamini, namba 1 mpaka 11 tu. Na kwenye viti waliweka skafu za kumbukumbu bure, mashabiki wa City nao walikuta zao za bluu, maana Frank Swift aliyekuwa kipa wao alikufa kwenye ajali ileile akiwa mwandishi wa habari. (City walishinda 2-1, hilo nalo lipo kwenye historia hata kama mashabiki wa United hapa watanuna.) Ile skafu leo inauzwa minadani, ndio, lakini siku ilipozaliwa haikuwa na bei.

Msiba unataka kukumbukwa na wengi. Soko la adimu linataka wachache wawe nacho na wengine wakionee wivu. Ukichukua idadi ya waliokufa ukaifanya ndio idadi ya mzigo, umevichanganya hivi vitu viwili kwa namna mbaya kabisa. Yaani wangekufa 20 ingekuwa ghali zaidi?

Mama Tumaini

Kipa wa Zamani shikamoo. Hiyo sentensi yako ya mwisho imenifanya niweke simu chini kwanza.

Mimi siyo mkusanyaji ila mdogo wangu alikuwa mchezaji, sio wa taifa, ligi za chini huku. Alianguka mazoezini akafariki. Timu yake ikachapisha jezi zenye jina lake na namba yake, familia tukapewa moja, mama akaichukua. Mimi nikataka ya mwanawe, nikaambiwa nikapange foleni kama wengine. Nikapanga, nikalipa. Nimelinunua jina la mdogo wangu na risiti wakanipa.

Nilikasirika sana wakati ule. Ila sasa imepita miaka, ile timu yenyewe imekufa, picha zake zimepotea kwenye simu zilizoharibika, na kile kitambaa ndio kitu pekee mtoto anachoweza kushika kikaonyesha kwamba baba yake aliwahi kushangiliwa. Kwa hiyo mi siwezi kusema zisichapishwe. Nachosema, wangeniuliza kwanza. Na ile ya foleni hapana.

Kipa wa Zamani

Marahaba mwanangu. Pole sana. Sina cha kuongeza hapo.

Nje ya Boksi

Poleni dada.

Naomba nibishane kidogo na mzee kwa heshima zote, kuhusu adimu. Vitu vingine ni adimu kwa sababu kweli ni kimoja tu duniani. Septemba 21, 2001, siku kumi baada ya yale mashambulizi ya New York, timu ya besiboli ya Mets ilicheza mechi ya kwanza ya ligi mjini humo baada ya msiba. Mchezaji wao Mike Piazza akapiga mpira ukavuka uzio, ile wanayoita home run, wakashinda 3-2, watu wanalia uwanjani. Wachezaji walivaa kofia za polisi na zimamoto wa jiji badala ya zao. Sasa ile jezi ya Piazza timu ikaja kuiuza kimyakimya kwa mtu binafsi, 2016 ikaibuka mnadani, watu wakacharuka, Mets wenyewe wakakiri walikosea. Ikanunuliwa na matajiri watatu kwa dola 365,000 za Kimarekani, wakakubaliana iwe inazunguka kwenye maonyesho, uwanja wa Mets, makumbusho ya Septemba 11 na ukumbi wa magwiji wa besiboli kule Cooperstown. Kwa hiyo hapo mnada ndio uliiokoa ikarudi kwa watu, na iliyoiuza mara ya kwanza ni timu yenyewe, mwenye kilio.

Na zile kofia! 2011, miaka kumi imetimia, Mets wakataka kuzivaa tena, ligi ikawakatalia, wazivae kabla ya mechi tu, ndani ya mechi ni kofia rasmi yenye nembo ya bendera. Mpaka 2021 ndio wakaruhusiwa kuzivaa wakicheza. Kofia walizovaa 2001 zilitoka kwenye moyo, hazikuwa bidhaa ya ligi, labda ndio maana zilisumbua kichwa.

Kipa wa Zamani

Nakukubalia nusu. Jezi ya Piazza ilikuwepo pale, ina jasho la usiku ule. Ni shahidi. Hii fremu ya huyu kijana haikuwepo popote, imechapwa juzi. Ukiniletea jezi ambayo kipa wao Efford Chabala alidakia, hata nikiwa sina nauli nitakopa nije niione, halafu nitakwambia uipeleke Lusaka.

Na tukiongelea Lusaka, kama ni kumbukumbu wenyewe Wazambia wanayo. Makaburi yako pale nje ya Uwanja wa Independence, wanapaita Heroes' Acre, na uwanja mpya wa taifa jirani yake uliofunguliwa 2014 wakauita Heroes. Na Februari 2012 walifika fainali ya AFCON mjini Libreville, mji uleule, kabla ya mechi wakaenda ufukweni kuweka maua na Kalusha yupo nao safari hii akiwa rais wa chama cha soka, halafu wakamfunga Ivory Coast kwa penalti 8-7. Mi niliangalia ile mechi nimesimama, kuanzia penalti ya kwanza mpaka ile ya mwisho ya Sunzu iliyowapa kombe.

Sasa Mzee wa Jezi, fanya hivi. Muulize muuzaji namba 7 ni nani. Kasema kila jezi inasimama kwa mtu, basi akutajie mtu wako. Na wewe yavute hayo majina ya mgongoni uyasome moja moja.

Mzee wa Jezi

Asanteni wote, Mama Tumaini pole sana na asante kwa kutuambia.

Nimemuuliza. Kakaa saa nzima ndio akajibu "namba zimepangwa bila mpangilio maalumu boss".

Majina nayasoma sasa hivi, picha haionekani vizuri, nitarudi.

Fulana na Vikombe

Mi nasubiri hapa. Kwenye kazi yetu jina likikosewa kwenye fulana ya msiba unarudia mzigo wote kwa hela yako, hakuna mjadala.

Mzee wa Jezi

Nimerudi. Yako 18 kweli, nimehesabu mara tatu. Chabala yupo, Mwanza yupo, Makinka yupo, Chansa yupo, Mutale yupo. Watiyakeni wamekosea herufi. Lakini mstari wa pili kutoka chini wameandika KALUSHA BWALYA.

Nikachukua orodha ya waliokufa nikaanza kukata mmoja mmoja. Aliyetolewa ili Kalusha aingie ni Moses Masuwa. Hayupo popote kwenye ile jezi.

Beki Tatu

Eeh Mungu wangu. Wamemuua aliye hai.

Mama Tumaini

Na familia ya Masuwa wakiiona hiyo ukutani kwa mtu?

Kipa wa Zamani

Zote 30 zitakuwa hivyohivyo. Umemwambia?

Mzee wa Jezi

Nimemwambia, nimemtumia na orodha kamili, nikamwambia azirudishe zote hata zilizokwisha kuuzwa. Amesoma. Amenijibu kama hilo ndio tatizo ataniondolea asilimia 20.