Mrejesho: levodopa ya baba kutoshika mchana

Habari wakuu. Niliuliza hapa kwa nini levodopa na kabidopa, dawa ya baba (ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza na kutetemesha mwili; tuko Ujiji), inashika asubuhi, ila mchana hata kijiko kinamshinda. Asanteni sana, hasa mliouliza anakula nini.

Tatizo lilikuwa dagaa. Kidonge cha saa saba alikimeza katikati ya ugali na dagaa. Protini hugombania njia ile ile na levodopa kwenye utumbo, dawa ikachelewa. Sasa anameza nusu saa kabla ya kula, kwa maji matupu, na dagaa ni wa usiku. Siku ya nne alinyanyuka mwenyewe.

Aliyeonya kuhusu metoklopramidi ya kichefuchefu, Mungu akubariki. Tumeikuta kweli kwenye dawa zake. Huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo levodopa huiongeza, hivyo huzidisha ukakamavu. Daktari ameweka domperidoni badala yake.

Kilichogoma: saa kumi na moja jioni mwili bado unakaza kabla ya dozi inayofuata. Hatujaongeza wala kuruka kidonge. Daktari atapanga upya saa. Kizunguzungu akisimama pia kipo, kwa hiyo anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili.