Kasa wananaswa nje ya hifadhi: tumlipe mvuvi au la?

Hamjambo ndugu wanachama. Niko Mombasa, kwenye kikundi cha kulinda ufuo pamoja na wavuvi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo wa uvuvi). Hifadhi ya bahari hapa ina mipaka, lakini kasa hawaijui. Hutoka nje wakanaswa na majarife. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inawalinda, sawa, ila kasa akishajiviringa wavuni, kumtoa mzima mara nyingi ni kukata nyuzi, na wavu huo ndio unga wa watoto.

Tumewaelimisha bandani, tumewasaidia kushona nyavu zilizoraruka. Wanasikiliza vizuri, wanakunywa kahawa yetu, kisha mmoja anauliza, "Na hasara yangu je?" Hapo nakwama. Kule Watamu mvuvi anayepiga simu kasa akaachiliwa salama hupewa kifuta jasho, lakini wao wana shirika lenye wafadhili. Sisi tunategemea michango ya wanachama (nayo mpaka uidai).

Naombeni ushauri: tukianza kulipa, tutamzuiaje mtu asitege kasa makusudi? Na kama kwenu mmewahi kufidia nyavu bila kutoa pesa mkononi, mlifanyaje hata ikadumu?