Kaka kashika duka la marehemu baba anasema ni lake, kisheria imekaaje?

binti_kihonda:
Habari zenu wakuu. Mzee wetu alifariki 2022 akaacha duka la hardware hapa Morogoro, simenti, nondo, mabati, rangi. Tuko wanne na mama yupo. Kaka mkubwa ndo alikuwa anakaa dukani na mzee toka amalize form four, kwahiyo baada ya arobaini kikao cha ukoo kikampitisha awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha na hakuna aliyepinga. Toka hapo kimya. Mama akiomba hela ya dawa anapewa elfu kumi kama ombaomba, lipa namba iliyobandikwa kaunta ni ya wifi, mke wa kaka, halafu risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mpaka leo inatoka na jina la mzee. Juzi nimeuliza mahesabu kaka akanijibu we umeolewa, kale kwa mumeo, hili duka ni jasho langu. Mama hataki kusikia habari za mahakama. Naombeni ushauri.

Mzee wa Vifungu:
Pole dada. Kwanza, kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara, duka limesajiliwa kama kampuni au jina la biashara tu? Kama ni jina la biashara basi duka na mzee ni kitu kimoja, alipofariki stoku, mashine na madeni vyote vikaingia kwenye mirathi. Ingekuwa kampuni mngegombea hisa zake, kampuni yenyewe haifi. Halafu usimamizi sio urithi, hapo ndo watu wanapochanganya. Msimamizi alitakiwa ndani ya miezi minne toka ateuliwe apeleke mahakamani fomu namba 5, orodha ya mali na madeni yote, baadae fomu namba 6 ya mahesabu. Nenda na namba ya shauri uombe kuona jalada. Kama hazipo andikeni barua hakimu amuite ajieleze, sio kesi ya kumfunga mtu hiyo. Akikaza mnaweza kuomba aondolewe. Nyie ni waislam?

binti_kihonda:
Ndio mkuu.

Mzee wa Vifungu:
Basi madeni ya marehemu kwanza, kisha mama thumni yake, yaani moja ya nane, kinachobaki mnagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kuolewa hakukutoi.

Nondo12:
Ntamtetea kaka kidogo, maana kwetu mimi ndo nilikaa dukani. Unashusha simenti kwenye lori saa nane usiku, mshahara huna kwa sababu "duka ni letu", wadogo zako wanasoma kwa hela ya hapo hapo, siku mzee anazikwa kila mtu anakuja na kikokotoo. Inauma asikwambie mtu. Kudai hiyo miaka ya nyuma mahakamani ni ngumu kama hakuna makubaliano, ila nyinyi kifamilia mnaweza kuitambua. Hesabuni stoku mbele ya watu wazima, mjue kipi kilikuwa cha mzee na kipi kaongeza yeye baada ya msiba, na kwa kazi ya toka 2022 apangiwe kitu kinachoeleweka. Mkimuita mwizi kwenye grupu la WhatsApp mmeharibu, hatorudi mezani. Na lile daftari la madeni lipigeni picha MAPEMA, hardware nusu ya mali iko kwa mafundi, mtu kachukua mabati tangu mzee yupo hai, kurasa zikichanika hamna cha kudai.

mama Sesi:
Lipa namba ya wifi 😂😂 haya. Ila hiyo EFD msiichukulie poa, mauzo yanaingia kwenye TIN, namba ya mlipakodi, ya marehemu, TRA, watu wa kodi, wakija wanaanza na msimamizi, kaka yako mwenyewe. Mwambieni hivyo, ataona mnamwokoa.

binti_kihonda:
Asanteni sana. Ni jina la biashara, cheti kipo ukutani. Daftari wifi kalihamishia kwao, nimepata picha za kurasa chache tu za mwandiko wa mzee. Mama kakubali barua iende kwa hakimu ila kasema nisiandike mimi, aandike baba mdogo. Jumatatu tunaenda kuona jalada.