Naomba ushauri: binti yangu nimemsifia kupita kiasi?

Wakuu, habari za jioni. Tupo Kirumba, Mwanza. Binti yangu wa miaka mitatu akimaliza uji tunapiga makofi, akivaa ndala, hata kama kazigeuza, "una akili wewe!" Juzi kifungo cha gauni kikamshinda, akalitupa chini akilia: "Mimi sina akili." Niliishiwa nguvu.

Nimesoma utafiti wa wanasaikolojia Mueller na Dweck, Marekani, 1998: watoto waliosifiwa akili walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa juhudi. Ila wale walikuwa wa darasa la tano, si wa kuhangaika na ndala!

Bibi yake, Msukuma, husema "wabeja" (asante kwa Kisukuma) tu, na mtoto anachekelea. Mimi nisemeje? Na mdogo wake wa miezi minane, makofi yaendelee?