Gari limepita kwenye maji Jangwani, nianze kukagua wapi?

MamaNeema_Kimara

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba msaada wa mafundi na wenye uzoefu.

Jana jioni nilikuwa natoka Kariakoo kurudi Kimara, hapa Dar es Salaam. Pale Jangwani barabara ilikuwa bado haijafungwa, foleni ikasimama tukiwa tayari bondeni. Magari mbele, magari nyuma, huwezi kugeuza. Maji ya mto Msimbazi yakapanda tukiwa tumekaa pale pale, yakaanza kuingia kwa chini ya milango mpaka yakafunika vifundo vya miguu. Foleni ilipofunguka niliweka L, gia ya chini, nikatoka polepole bila kuachia mafuta. Gari halikuzimika hata kidogo.

Ni Toyota IST, injini ya 1NZ, otomatiki, inavuta mbele tu.

Leo asubuhi limewaka mara moja, nikalizima baada ya muda mfupi kwa sababu sikupenda nilichosikia. Mkanda ulipiga kelele kisha ukanyamaza. Nilipolisogeza hapo uani breki za nyuma zilikwaruza. Taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia matairi yasigande, iliwaka ikapotea. Kapeti zote zimelowa na harufu yake ni ya maji taka kabisa. Pleti namba ya mbele imeenda na maji.

Fundi wa hapa mtaani kasema "kama limewaka hakuna shida, we osha tu". Mwingine anataka kushusha injini aifungue yote, na hela aliyotaja sina. Gari hili ndilo linalowapeleka wanangu shule. Naomba mniambie kipi ni cha leo leo na kipi kinaweza kusubiri mshahara.

Kijana_Ubungo

Pole sana dada. Mimi ningepeleka kaoshi, wapige presha chini na kwenye injini matope yatoke yote, halafu uliache juani siku nzima.

Fundi_Tabata

Dada pole, na tumshukuru Mungu mmetoka salama. Mimi ni fundi makenika. Baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 uwanja wa gereji yetu ulijaa magari yenye historia kama ya kwako, na mengi yaliyokufa hayakufa siku ya maji. Yalikufa wiki mbili tatu baadaye, mwenye gari akiwa ameshasahau. Kwa hiyo huyo aliyesema "limewaka hakuna shida" simkubali. Na huyo wa kushusha injini simkubali pia, kwa sababu nitakayoeleza.

Kijana wa Ubungo, nia yako njema, ila presha kwenye injini hapana. Utasukuma maji ndani ya soketi ambazo mafuriko yenyewe hayakuzifikia. Chini ya gari na ndani ya matairi sawa, tena kwa mpira wa kawaida.

Sasa dada, usiliwashe tena kwanza. Liwe limepoa, kwenye tambarare.

Fungua boneti, fungua klipu za boksi la kichujio cha hewa, utoe kile kichujio cha karatasi. Kishike kwa mkono. Kikiwa kikavu, na chini ya boksi hakuna tope wala unyevu, basi injini yako haikunywa maji, na hakuna sababu ya mtu kuifungua. Injini inauawa na maji kwa njia moja kubwa: inayavuta kwenye njia ya hewa, yanaingia juu ya pistoni, pistoni inapanda kuyabana, na maji hayabaniki. Kitu kinachokubali kupinda pale ni konrodi, chuma kinachoshika pistoni kwa chini. Ikitokea hivyo gari huzimika hapo hapo, mara nyingi kwa kishindo. La kwako halikuzimika. Hiyo ni dalili nzuri sana, lakini kishike kichujio kwa mkono wako mwenyewe, usiambiwe na mtu.

Kikiwa kimelowa, usiguse ufunguo. Fundi atoe koili nne na plagi nne, azungushe injini kwa mkono kwa spana ya puli, ndipo apige stata plagi zikiwa nje ili maji yatoke. Hata hapo injini haishushwi.

Pili, dipstiki ya oili ya injini. Itoe, usiifute, itazame juani. Oili iliyoingiwa na maji hubadilika ikawa kama chai ya maziwa, au utakuta kiwango kimepanda juu ya alama ya F wakati hujaongeza kitu. Fungua na kifuniko cha kujazia oili, tazama kwa ndani. Ila jua kwamba gari la safari fupi fupi linaweza kuwa na utando mweupe kidogo kwenye kifuniko kwa sababu ya unyevu tu, usikutishe kama dipstiki ni safi. Ukiona maziwa kwenye dipstiki: mwaga, badili na filta, weka oili ya bei nafuu, acha injini iungurume dakika chache bila kutembea, mwaga tena, ndipo uweke oili yako ya kudumu.

Tatu, na hapa ndipo ninapokuomba usipapite haraka: gia boksi. Watu wote huangalia injini wakasahau gia boksi, na kwenye otomatiki huko ndiko hela inakoishia. Gia boksi ina tundu la kupumulia. Umekaa foleni, gia boksi ni ya moto, maji baridi yanapanda yanalizunguka, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilichopo nje. Ikiwa tundu limefikiwa na maji, linavuta maji. Yakishaingia yanakwenda kwenye pleti za klachi zilizobandikwa kwa gundi, na gundi ile haivumilii maji. Gari litabadili gia vizuri leo na kesho, kisha litaanza kusitasita, kisha kupiga teke ukiweka D.

IST ina dipstiki ya gia boksi. Oili nzima ni nyekundu na unaona kupitia kwake. Ikizeeka ni kahawia. Iliyoingiwa na maji ina ukungu, waridi nzito, huoni kupitia kwake. Ukiiona hiyo, gari halitembei hata mpaka dukani. Kumwaga mara moja hakutoshi kwa sababu nyingi inabaki ndani ya kigeuzi (torque converter, kati ya injini na gia boksi), itabidi kumwaga na kujaza mara kadhaa mpaka itoke nyekundu safi.

Angalia hivyo vitatu kisha rudi utuambie.

MamaNeema_Kimara

Fundi, Mungu akubariki. Nimefanya na jirani yangu akinimulikia tochi.

Kichujio kikavu kabisa, kina vumbi tu. Oili ya injini ya kahawia ya kawaida, iko katikati ya alama mbili. Ya gia boksi tumeidondoshea kwenye karatasi nyeupe: nyekundu inayoelekea kahawia, inapitisha mwanga.

Sasa ule mlio wa mkanda, na breki?

Fundi_Tabata

Hongera dada. Hapo injini na gia boksi ni salama, na yule wa kushusha injini mwambie asante. Hata hivyo tazama tena dipstiki zote mbili ukishatembea kidogo, maana maji kidogo hujichanganya taratibu.

Mkanda: alteneta imekaa chini upande wa mbele, imeoga maji ya tope. Mkanda ukilowa hupiga kelele kisha hunyamaza ukikauka, hilo si kitu. Ukiendelea kupiga hata kukiwa kukavu, au ukasikia mvumo unaopanda na mzunguko wa injini, ni beringi ya alteneta au ya puli. Taa ya batri ikipepesa hata mara moja, peleka.

Kagua pia feni na radieta. Tazama kwa mbele, utakuta nailoni na majani yamejibandika. Maji ya Jangwani hubeba takataka zote za mtoni. Radieta iliyozibwa itakuchemshia gari kwenye foleni ya Ubungo wakati maji yenyewe hayakuliua. Na ile ngao ya plastiki chini ya injini, kama imeng'oka upande mmoja ifunge, isiburuzike.

Breki ni za leo, hazisubiri mshahara. IST yako nyuma ina madramu, na dramu likishaingiza mchanga halitoi lenyewe. Vua matairi yote manne, toa madramu, safisha kwa maji safi na brashi, kausha. Mbele pedi na diski zisuguliwe kidogo. Usiku huu usivute handbreki, breki za nyuma zitaganda. Weka P na jiwe kwenye tairi. Ukiwa huko chini, zungusha raba za eksoli (vyuma vinavyozungusha matairi ya mbele) ukitafuta ufa, maana raba iliyopasuka imeshaingiza maji kwenye grisi.

Kinachosubiri mshahara: oili ya injini na filta ubadilishe mapema kuliko kawaida, oili ya gia boksi hivyo hivyo, na mafuta ya breki, kwa kuwa hayo hunyonya unyevu.

Umeme12V

Naongezea upande wangu wa umeme, maana gari hili maji yaliingia ndani, na humo ndimo ninamopata kazi nyingi kuliko kwenye injini.

Mama Neema, kuanika gari milango wazi hakukaushi kapeti. Juu patakauka, chini kuna sifongo nene inayokaa na maji wiki nzima, na nyaya kuu zinapita hapo hapo pembeni ya kizingiti cha mlango. Shaba ikianza kufanya kutu ya kijani ndani ya soketi, utaanza kuona kioo hakishuki, dashibodi inawasha taa bila sababu, gari linakataa kuwaka siku ya mvua. Taa ya ABS uliyoiona inaweza kuwa soketi ya sensa ya tairi iliyolowa tu. Wakati wa breki isafishwe, kisha gari lisomwe kwa kompyuta.

Toa viti vyote viwili vya mbele. Kabla ya hapo ondoa waya hasi wa batri na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu soketi zozote za njano utakazokuta ni za mikanda na mifuko ya hewa, hazichezewi zikiwa na umeme. Inua kapeti, itoe nje kama unaweza, ioshe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, vaa glavu, hayo ni maji ya vyoo. Sakafuni kuna vizibo vya raba, vitoe maji yatoke. Soketi zilizolowa zifunguliwe, zipulizwe kwa hewa, zipigwe spirei ya kusafishia soketi. Kisanduku cha mifuko ya hewa kiko chini katikati, karibu na gia. Kama kina alama ya tope, fundi umeme akiangalie kabla mtoto hajakaa mbele.

Shemeji_SouthC

Mimi niko Nairobi, tulipitia haya Aprili 2024. Swali moja tu: uko na bima kubwa? Kama ndiyo, piga picha ya mstari wa maji kwenye milango na kapeti kabla ya kuosha, piga simu bima leo, na usifungue kitu kikubwa mpaka mtathmini aje. Soma mkataba utafute neno mafuriko. Sisi kwa familia tulichelewa kuripoti na ikawa vita.

MamaNeema_Kimara

Shemeji, nina bima ndogo tu, kwa hiyo ni mfuko wangu. Nimeshapata ripoti ya upotevu polisi kwa ajili ya pleti namba. Viti vimetoka, jirani ana spana. Chini ya sifongo maji yalikuwa mengi mno, sikutegemea. Kisanduku cha katikati kikavu, tope limeishia chini yake.

Fundi, breki tunafanya mchana huu. Beringi za matairi nazo?

Fundi_Tabata

Leo huwezi kuzijua, dada. Zikishapita karibu wiki mbili, toka na gari barabara iliyonyooka bila redio, vioo vimefungwa, kilomita 60 kwa saa. Ukisikia mvumo unaobadilika ukikata usukani kushoto au kulia, beringi imeingia maji. Ukiusikia, andika hapa ni upande gani ulizidi, nitakuambia ni ipi ya kununua usiuziwe zote nne.