Chanzo chetu cha maji kinakufa na kila ofisi inasema haina fungu. Tuanzie wapi?

Mwana wa Bondeni:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa mlio kwenye maji, kilimo au serikali za mitaa hapa Tanzania.

Kijiji chetu kinategemea chemchemi moja inayolisha bomba la mserereko. Zamani hata kiangazi maji hayakukatika. Sasa ikifika mwezi wa tisa vituo vya mwisho vinakauka, na mvua zikianza tope linajaa kwenye banio, watu wanachota maji mekundu. Ukipanda juu unaiona sababu: mashamba yamesogea mpaka kwenye jicho la chemchemi, matuta yanafuata mteremko badala ya kuukinga, na ng'ombe wanashuka kunywa hapo hapo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji. Nguvu kazi tunayo na wananchi wako tayari. Tunachokosa ni fedha ya bikoni, uzio, birika la mifugo upande wa chini, miche, na utaalamu wa kupima makinga maji, yale matuta ya kukata mteremko. Ofisi moja imetuambia hilo ni la mazingira, nyingine ikasema ni la maji, ya tatu ikasema mwaka huu hakuna fungu. Fedha ya serikali kwa kazi hii ipo kweli? Inaombwaje?

Fundi Bomba:
Ipo mkuu, ila imekaa kwenye mifuko tofauti, na nyie mmepeleka ombi moja lenye mambo matano. Kila afisa akilisoma anaona sehemu kubwa si yake.

Ligaweni. Banio, tangi na bomba ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kupitia chombo chenu cha watoa huduma ngazi ya jamii. Chanzo chenyewe, yaani mipaka, bikoni na mchakato wa eneo kutangazwa tengefu (la kulindwa kisheria), ni Bodi ya Maji ya Bonde. Mabonde ya maji nchini ni tisa, kwa hiyo jueni kwanza mko bonde gani. Chombo chenu kina kibali cha kutumia maji na kinalipa ada kwa bodi? Kama ndiyo, mnaingia ofisini kama walipaji. Kama bado, anzeni na kibali.

Upo pia Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao sehemu ya fedha yake inatokana na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Sheria ya maji ya 2019 inautaja kwa huduma ya maji na pia kwa kutunza maeneo yanayolisha vyanzo. Kijiji hakiendi huko moja kwa moja. Ombi lenu lazima lipite RUWASA au bodi, ndiyo maana hizo ofisi mbili msizikose.

Mstaafu wa Ardhi:
Mjumbe, nimefanya kazi ya hifadhi ya udongo muda mrefu, niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Maji ya chemchemi hayatengenezwi pale yanapotokea. Ni mvua iliyozama kule juu mlimani. Udongo ukiwa mtupu mvua haizami, inateremka na tope lake. Uzio na bikoni vitamzuia ng'ombe, lakini havitarudisha maji ya mwezi wa tisa kama mashamba ya juu yatabaki yalivyo. Kwa hiyo makinga maji msiyaweke mwisho wa orodha.

Fedha ya kazi hiyo itafuteni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Miradi yake ya ajira za muda imekuwa ikilipa walengwa, yaani kaya maskini, ujira kwa kazi kama makinga maji, upandaji miti na malambo, na kazi yenyewe inaibuliwa na jamii. Waombeni viongozi wa kijiji waitishe kikao cha kuibua mradi huo. Kupima kontua, yaani mistari ya usawa ya kufuata makinga maji, ni kazi ya afisa ugani wa kata. Kipimo cha fremu ya A kinatengenezwa kwa miti mitatu, kamba na jiwe, hakihitaji bajeti.

Na msilazimishe mtu. Mwaka 1955 Uluguru, Morogoro, kulizuka ghasia kwa sababu serikali ya mkoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulijenga juu ya ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho, na miti ilirudi kwenye maeneo makubwa. Fedha ya umma ilikuwepo kote kuwili. Waulizeni wenye mashamba ya juu wanataka nini kwenye kingo za makinga maji: majani ya tembo ya ng'ombe? Matunda? Hapo watayatunza wenyewe.

Mama Kitalu:
Kwa miche, ulizieni Mfuko wa Misitu Tanzania, TaFF. Unatoa ruzuku hata kwa vikundi na jamii, mkifuata tangazo lao la maombi. Ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ni mkopo. Inafaa kikundi kinachouza miche, msiitumie kuwekea uzio chanzo, maana uzio haurejeshi pesa.

Na tafadhali, mikaratusi isikaribie chemchemi. Pandeni mikuyu.

Mwana wa Bondeni:
Asanteni sana, nimeanza kuona njia. Kuna jambo linaniumiza: familia kadhaa zinalima pembeni kabisa ya chanzo, na hawana shamba jingine. Wajumbe wengine wanasema sheria ni mita 60, watoke tu.

Dada wa Kata:
Hapana, msifanye hivyo. Mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004 zipo, zinahusu kingo za mito, maziwa na mabwawa. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mtu akiondolewa haki yake ya ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mkiwafukuza leo, kesho mtakuwa kwenye baraza la ardhi badala ya kwenye chanzo.

Pitieni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu ukubali kulitenga eneo, ukubali na ardhi mbadala kwa hizo familia, kisha sheria ndogo ipelekwe halmashauri ikaidhinishwe. Familia hizo ziwemo kwenye kamati inayochora mpango.

Fundi Bomba:
Naunga mkono. Muhtasari wa mkutano huo, wenye saini na muhuri, ndio mtakaoambatisha kwenye kila ombi.

Halafu angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji inakusanywa miezi mingi kabla. Ukija na ombi mwezi wa tano, jibu la "hakuna fungu" ni la kweli. Mpeni diwani nakala sasa hivi, na nyingine ibaki kwenye faili la kijiji ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Mwana wa Bondeni:
Mwenyekiti wa kijiji amekubali kuliweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao. Kesho naenda kuulizia kibali cha maji.